Modemu ya kupiga simu: uchague kasi kubwa au laini inayotulia?

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea karakana Pentium III yenye Windows 98 na modemu ya nje ya US Robotics (kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa laini ya simu), ile yenye safu ya taa nyekundu usoni. Aliachiwa na baba yake mdogo. Alikuwa ameichomeka kwenye swichibodi ya ofisi anayofanya kazi, na modemu ya pili kaiweka chumba cha mwisho, ili mashine mbili kuukuu ziongee kwa simu. "Fundi, inashika vizuri kabisa," akaniambia. "Inasoma 33,600, halafu dakika mbili haziishi imekata. Niongeze nini?"

Niongeze nini. Nimeulizwa hivyo tangu 1999, enzi ambazo mkongo wa SEACOM ulikuwa bado haujafika pwani yetu (ulifika 2009) na intaneti ya ofisi ndogo ilikuwa simu ya mezani, modemu na subira. Jibu langu halijabadilika: mara nyingi dawa ni kupunguza. Modemu inayokwenda biti 28,800 kwa sekunde saa nzima bila kukata itakufikishia mzigo wako mapema kuliko inayokwenda 48,000 na kuanguka kila robo saa.

Hapa chini nimeyaweka mawili mawili machaguo yanayomkabili mtu aliyeshika modemu ya 56K (iliyoandikwa biti 56,000 kwa sekunde), nikasema lipi ningechukua mimi na kwa sababu gani. Yanamfaa mwenye laini ya shaba ambayo bado iko hai, mwenye swichibodi ya ndani kama kijana wangu, na anayepitisha modemu kwenye adapta ya simu za intaneti. Sitayapa nafasi sawa, maana uzito wake haulingani. La kwanza peke yake linabeba nusu ya mambo.

V.90 au V.34

V.34 ni kiwango cha 1994. Kilianza na biti 28,800 kwa sekunde, mwaka 1996 kikapandishwa hadi 33,600. V.90 ilikuja 1998 kumaliza mvutano wa viwango viwili visivyoelewana, x2 ya US Robotics na K56flex ya Rockwell na Lucent. Boksi likaandikwa 56K na kila mtu akaamini kwamba modemu imeongezewa nguvu.

Nguvu yenyewe iko upande wa pili wa laini. Mtandao wa simu wa kidijitali huipima sauti mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo kikibeba biti 8. V.90 hutumia 7 kati ya hizo, ndipo inapopatikana 56,000. Hesabu hiyo inasimama endapo tu mtoa huduma ameungwa kidijitali moja kwa moja na mtandao wa simu, na sauti inageuzwa kuwa ya analogi mara moja pekee, kwenye kituo cha simu cha mtaani kwako. Ikigeuzwa mara ya pili njiani, V.90 haipo tena. Ndiyo maana modemu mbili za kawaida, yako na ya jirani, haziwezi kupita 33,600 hata zikiwa zimetoka kwenye boksi leo. Ndiyo maana pia kwenye V.90 kupakua kunapanda lakini kupakia kunabaki chini ya dari ile ile ya 33,600. V.92 ya mwaka 2000 ilikuja kuisogeza dari ya kupakia hadi 48,000, ila lazima na upande wa mtoa huduma uijue.

Kijana wangu na swichibodi yake hakuwa na chaguo hapa. Angebadilisha chochote, 56K haikuwa yake. Mwenye laini ya shaba hadi kwa mtoa huduma ndiye anayechagua.

Kabla hujachagua, soma namba unayopewa wakati wa kuunganika. V.34 hupanda kwa ngazi za 2,400: 24,000, 26,400, 28,800, 31,200, 33,600. V.90 hupanda kwa ngazi za 1,333, kwa hiyo utaona mikia ya ajabu kama 42,667, 45,333 na 49,333, mpaka 53,333 ambapo kanuni za Marekani za nguvu ya mawimbi kwenye laini ziliweka kikomo. Ukiona mkia wa 333 au 667, umeshika V.90. Ukisoma 115,200 usifurahi: hiyo ni kasi ya waya kati ya kompyuta na modemu, haihusiani na laini ya simu. Kwenye modemu nyingi zenye chipu za Conexant, amri ya ATW2 (amri unazoiandikia modemu huanza na AT) huifanya itaje kasi ya laini yenyewe.

Sasa tuweke kasi tatu kwenye mizani, kwa biti tupu bila kuhesabu vichwa vya pakiti, yaani maelezo yanayotangulia kila kipande cha data:

| Mzigo | 45,333 | 33,600 | 28,800 |
|---|---|---|---|
| Baiti milioni 1 | dk 2 sek 56 | dk 3 sek 58 | dk 4 sek 38 |
| Baiti milioni 5 | dk 14 sek 42 | dk 19 sek 50 | dk 23 sek 9 |

Ukiitazama safu ya mwisho na ya kwanza, V.90 inakuokolea kama dakika nane na nusu kwenye faili la baiti milioni 5. Ni nyingi, hasa simu ikiwa inahesabiwa kwa dakika. Lakini laini ikikatika dakika ya 12, na seva hairuhusu kuendelea ulipoishia, umezitupa dakika 12 pamoja na nusu dakika ya kupiga upya na kusalimiana. Mkatiko mmoja tu umekula faida yote na kukuacha na deni.

Na kuna hasara isiyoonekana. V.90 inahitaji kutofautisha viwango vya sauti vilivyokaribiana sana, kwa hiyo mkwaruzo mdogo unaoivuka V.34 bila shida unaiyumbisha V.90. Ikiyumba haikati mara moja. Inasimama, inanyamaza, modemu mbili zinajipanga upya kwa sekunde kadhaa, kisha zinaendelea kwa kasi ndogo zaidi. Kwenye kioo bado panaandikwa 45,333, kwa sababu namba hiyo iliandikwa wakati wa kuunganika na haiguswi tena. Mtu anabaki kulaumu kompyuta yake, au mtoa huduma, kumbe laini ilishashuka zamani.

Nilikuwa nikihudumia ofisi moja ambako mama wa masjala alituma ripoti kila alasiri. Faili lilikuwa kama baiti milioni 2, na kiambatisho cha barua pepe huvimba kwa theluthi moja kikisafiri, kwa hiyo mzigo halisi ulikaribia milioni 2.7. Masika yakianza, maji yaliingia kwenye kisanduku cha maungio ya nyaya nje, na ile kazi ya dakika 12 au 13 ikawa ya alasiri nzima. Alikuwa akikaa mkono kwenye kipanya, macho kwenye mstari wa maendeleo, ukifika robo tatu unakufa. Alikuwa akiunganika kwa V.90, na kwake V.90 haikuwa na faida hata chembe: yeye alikuwa anatuma, na kutuma hakupiti 33,600. Nilipoifunga modemu kwenye V.34 hakupoteza kitu. Ripoti ikaanza kupita, mvua ikinyesha.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Kama kazi yako kubwa ni kupakua, na laini yako inashika 44,000 au zaidi kwa saa nzima bila kukata, kaa na V.90. Kama unatuma zaidi ya unavyopokea, au laini inachezacheza, au V.90 inakupa 33,333 na chini, nenda V.34 bila kusita. Kwenye modemu za Conexant, fungua Paneli Dhibiti, ingia kwenye modemu, sehemu ya juu zaidi, na kwenye kisanduku cha amri za ziada za kuanzishia andika +MS=V34. Kwenye US Robotics tumia &N na &U: &N ni dari na &U ni sakafu. &N16 ni 33,600, &N15 ni 31,200, &N14 ni 28,800, na &U6 ni 9,600. Usiweke &N peke yake bila &U, maana hapo modemu itakubali kasi hiyo moja tu, na ikikosekana inakata simu.

Modemu ya nje au kadi ya ndani

Kadi nyingi za PCI za bei nafuu hazikuwa modemu kamili. Zilikuwa tundu la simu na chipu ya kugeuza sauti, hesabu zote zilizobaki akabebeshwa prosesa kupitia draiva ya Windows. Kwenye mashine yenye nguvu hutaona tofauti. Kwenye mashine dhaifu, fungua programu nzito katikati ya kupakua na laini inadondoka, kwa sababu prosesa alichelewa kuihudumia modemu. Hakuna amri ya AT itakayotibu hilo.

Modemu ya nje ina ubongo wake. Inakula soketi ya umeme na nafasi mezani, lakini inakupa kitu ninachokithamini kuliko vyote: taa. Taa ya CD ikiwaka, laini imeshikwa. RD ikipepesa, unapokea. Kwenye US Robotics, taa ya ARQ ikianza kupepesa ujue data inarudiwa, yaani laini ina kelele hata kama kurasa bado zinafunguka. Taa hizo zimenionyesha laini mbovu kabla mwenye ofisi hajalalamika.

Sharti la modemu ya nje ni poti ya mfuatano (serial) yenye chipu ya 16550A, ambayo ina bafa ya baiti 16. Chipu za zamani, 8250 na 16450, zinashika baiti moja moja. Prosesa akichelewa kidogo, herufi zinapotea. Kama mashine yako ni ya kuanzia Pentium, karibu hakika unayo 16550A. Angalia tu kwamba matumizi ya bafa hayakuzimwa kwenye mipangilio ya poti.

Nachagua ya nje.

Kasi ya poti: 57,600 au 115,200

Hapa pana mjadala mrefu usiostahili. Poti ya mfuatano hutuma biti 10 kwa kila baiti, kwa hiyo 57,600 ni baiti 5,760 kwa sekunde, na 115,200 ni baiti 11,520. Laini ya 45,333 ikileta faili lililokwisha kubanwa inatoa kama baiti 5,600 kwa sekunde, ambayo 57,600 inaimudu kwa shida. Ikileta maandishi matupu yanayobanwa vizuri, poti ya 57,600 inakuwa shingo ya chupa. Weka 115,200. Rudi 57,600 ikiwa tu mashine ni ya zamani sana na unaona makosa yanaongezeka kwenye dirisha la hali ya muunganisho.

Na udhibiti wa mtiririko, yaani namna kompyuta na modemu zinavyoambiana zisubiri, uwe wa nyaya, RTS na CTS. Ule wa XON na XOFF hutumia herufi namba 17 na 19 kama ishara za kuruhusu na kusimamisha, na faili la picha au programu lina baiti hizo ndani yake kwa wingi. Modemu inasimamishwa na data yenyewe.

Pakiti kubwa au ndogo: 1,500 au 576

Hili watu hulichukulia kama siri ya mafundi, na kila mmoja ana namba yake. Tulipige hesabu.

Kwenye 33,600, pakiti ya baiti 1,500 hukaa kwenye laini sekunde 0.36 kabla haijamaliza kupita. Ya baiti 576 hukaa sekunde 0.14. Laini ya simu ni kichochoro cha Mji Mkongwe: kinapita kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mkokoteni ukishaingia, mwenye baiskeli anasubiri nyuma hata kama amebeba barua moja. Ukiwa unapakua faili huku unaandikiana na mtu, ile herufi yako ndiyo baiskeli.

Upande wa pili wa mizani ni vichwa. Kila pakiti ya TCP/IP, lugha ya intaneti, hubeba baiti 40 za anwani na maelezo. Kwenye 1,500 hiyo ni asilimia 2.7. Kwenye 576 ni karibu asilimia 7. Anayepakua faili tu, bila kitu kingine, anapoteza kidogo kwa kuchagua pakiti ndogo. Lakini ubanaji wa vichwa wa Van Jacobson, ambao muunganisho wa PPP (itifaki ya intaneti kwa simu) huwa nao, huzishusha baiti 40 hadi kama 3 au 5. Ukiwa umewashwa pande zote mbili, hasara ya pakiti ndogo inakaribia kutoweka. Kwa hiyo hakikisha umewashwa kwanza, halafu ndipo uchague ukubwa.

Windows 98 iliyaona haya: kwenye mipangilio ya adapta ya kupiga simu inakupa pakiti kubwa za 1,500, za kati za 1,000 na ndogo za 576, na ukiiachia ijichagulie itachukua 576 kwenye laini za polepole. Windows XP kwa kawaida huenda na 1,500. Mtu akikuambia kompyuta yake ya zamani ilikuwa "nyepesi" mtandaoni kuliko mpya, kwa modemu ile ile, tofauti hii inaweza kuwa sababu.

Mimi naweka 576 kwa mtu anayeandikiana, anayecheza michezo au anayeingia kwenye seva kwa kuandika amri. Naweka 1,500 kwa anayeshusha barua na mafaili, akimaliza akate simu. Ile ya 1,000 niliitumia sana pale mashine tatu zilipogawana modemu moja, na sijapata sababu ya kujuta.

Kuna jirani wa mpangilio huu, dirisha la kupokelea, yaani baiti ngapi mtumaji aruhusiwe kutuma kabla ya kusubiri kuthibitishiwa. Ziliuzwa programu nyingi za kuharakisha intaneti ambazo kazi yake kubwa ilikuwa kulivimbisha. Pima mwenyewe: laini ya 45,333 yenye ucheleweshaji wa sekunde 0.3 kwenda na kurudi inashika baiti 1,700 hivi kwa wakati mmoja. Dirisha la kawaida la Windows 98 ni 8,192, karibu mara tano ya inachohitaji. Ukilifanya 65,535 hupati kasi zaidi. Unarundika pakiti kwenye foleni upande wa mtoa huduma, na kila unachobofya kinasubiri rundo hilo lipungue. Liache.

Kusahihisha makosa na kubana data: kuwasha au kuzima

Wapo wanaozima usahihishaji wa makosa wakidhani unakula kasi. Kinyume chake ndiyo kweli. Bila V.42, kiwango cha kusahihisha makosa, kila baiti husafiri na biti mbili za ziada, ya kuanza na ya kumaliza. V.42 inaziondoa. Kwenye 33,600 unatoka baiti 3,360 kwa sekunde hadi karibu 4,200, na juu yake unapata kurudiwa kwa kipande kilichoharibika kabla kompyuta haijajua kwamba kuna tatizo. Gharama yake ni ucheleweshaji kidogo, kwa sababu data inapangwa kwenye fremu na kukaguliwa. Mchezaji wa michezo ya mbio anaweza kuuona; akitaka kuuzima, ni &M0 kwenye US Robotics na \N0 kwenye nyingi za Rockwell. Laini yake iwe safi sana. Kwa wengine wote, uwashe na usiuguse.

Kubana data ni habari tofauti, inategemea unabeba nini. V.42bis inaweza kufikia moja kwa nne kwenye maandishi yanayojirudia, V.44 ya mwaka 2000 ikafika moja kwa sita. Kwenye faili la ZIP, picha ya JPEG au wimbo wa MP3 hupati kitu, maana vimeshakamuliwa. V.42bis inalitambua hilo na kuacha kujisumbua. MNP5, ndugu yake mkubwa, haitambui, na inaweza kulifanya faili lililobanwa liwe kubwa zaidi. Ukiwa na modemu ya zamani inayochagua kati ya hizo mbili, chukua V.42bis, ukiwa na MNP5 pekee na unashusha ZIP, izime. Kurasa za leo zinazosafiri kwa usimbaji wa HTTPS hazibaniki na modemu hata kidogo, kwa hiyo usitarajie muujiza huko.

Windows nayo ina ubanaji wake wa programu ndani ya muunganisho. Usibane mara mbili. Modemu ya nje yenye V.42bis au V.44 inaifanya kazi hiyo vizuri peke yake. Zima wa Windows, umpumzishe prosesa.

Laini ya shaba, swichibodi au adapta ya intaneti

Kwenye laini ya shaba, adui ni simu za tawi zilizofungwa sambamba, waya mrefu wa bapa unaopita kando ya nyaya za umeme, na mlio wa simu inayosubiri. Mlio huo unatosha kuidanganya modemu kwamba mwenzake amekata. Rejista ya S10, namba ya mpangilio ndani ya modemu, huamua modemu ivumilie ukimya kiasi gani kabla ya kukata, kwa sehemu za kumi za sekunde. Kwenye modemu nyingi ya kiwandani ni 14, yaani sekunde 1.4. Ninaiweka S10=50, sekunde tano. Mpangilio huu mmoja umeokoa miunganisho mingi kuliko mingine yote niliyowahi kugusa, na hauna gharama yoyote, ila modemu inachelewa sekunde chache kutambua kwamba simu imekatika kweli.

Kwenye swichibodi, shida ya kwanza ni kwamba modemu haiutambui mlio wa laini ya ndani, inalalamika kwamba hakuna mlio. Tumia X3, ipige bila kuusubiri. Kama lazima upige 9 kupata laini ya nje, weka koma baada yake; kila koma ni pumziko la sekunde 2.

Kwenye adapta ya simu za intaneti, chaguo ni moja. Kodeki, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data, iwe G.711, inayobeba sauti nzima kwa biti 64,000 kwa sekunde. G.729 inaibana sauti hadi 8,000 kwa kubahatisha umbo la sauti ya binadamu, na modemu si binadamu, haitapita. Zima kuondoa mwangwi, zima kunyamazisha ukimya, bafa ya kusawazisha ucheleweshaji iwe ya kudumu badala ya kujibadilisha. Hata hapo, weka dari ya 14,400 kwanza. Ikitulia, panda. Pakiti moja ya sauti ikipotea njiani, sikio la mtu halitaigundua, lakini modemu italazimika kujipanga upya.

Mashine ya kijana

Tulianza na AT&F1&N14&U6X3S10=50. &F1 kwenye US Robotics inaweka mipangilio ya kiwandani yenye udhibiti wa mtiririko wa nyaya. Akapiga. Modemu ya pili ikajibu kwa ule mlio wa hertzi 2,100, zikakwaruzana, CD ikawaka. 28,800. Baada ya dakika nne ARQ ikaanza kupepesa, ikatulia, ikapepesa tena. Haikukata, lakini kulikuwa na kitu.

Tukafuata waya kwa mkono, inchi kwa inchi, mpaka chumba cha mwisho. Nyuma ya kabati kulikuwa na simu ya mezani imechomekwa sambamba kwenye soketi ile ile, kava lake limevunjika, waya mmoja umekula kutu ya kijani. Tukaitoa. Tukapiga upya, tukaacha faili lipite kwa dakika 40, tukakata wenyewe na kuandika ATI6, ripoti ya muunganisho uliopita. Kujipanga upya: sifuri.

Hapo ndipo nilipomruhusu aongeze. &N15, 31,200, ikakaa saa nzima. &N16, 33,600, ATI6 ikaonyesha imejipanga upya mara tatu ndani ya dakika 20. Akarudi &N15, akaandika &W ili modemu iikumbuke hata umeme ukizimwa, akafunga kesi.